Safari ya Kurudi Dala: Bima Yako Inafika Wapi?

Kila wiki kwenye dawati letu la huduma kwa wateja kuna mtu anayepiga simu kuuliza kitu kimoja: laini yangu inaweza kupokea pesa ngapi? Ukimsikiliza vizuri unagundua si mfanyabiashara. Kuna mwili uko mochari Nairobi au Mombasa, kuna familia inangoja Ndhiwa au Rongo, na yeye ndiye amechaguliwa kuwa mweka hazina wa mchango.

Jibu lake ni fupi. Tangu Agosti 2023, kwenye huduma kubwa za pesa kwa simu hapa Kenya, akaunti inaweza kushika hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauwezi kupita 250,000. Lakini sisi hubaki na swali lingine ambalo yeye hakuuliza. Je, kuna bima iliyopaswa kulipa sehemu ya hii safari kabla watu hawajaanza kuchanga? Kuna familia ambazo bima ilikuwepo na hawakujua. Kuna nyingine ambazo zilikuwa na hakika ipo, kumbe haipo. Tunaandika kwa ajili ya wote wawili.

Tuanze na kisa cha hapa ndani kwetu

Mwenzetu mmoja, kwao ni Ndhiwa, Homa Bay, alikuwa na baba mdogo aliyefanya kazi Mombasa. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, amekaa pwani zaidi ya miaka 20. Akaugua figo, akalazwa, na kufikia wiki ya tatu alikuwa anasema neno moja tu: nirudisheni nyumbani. Familia ikapigia bima ya kazini kuuliza kama ambulensi italipwa mpaka Homa Bay. Wakaambiwa hapana, kwa sababu hakuna daktari aliyeandika kwamba mgonjwa anahamishiwa hospitali nyingine. Huyu ni mgonjwa anayetaka kwenda kwake, na hilo bima haikulitaja popote. Basi wakaanza kuchanga pesa ya gari. Kabla hazijatimia, mzee akafariki.

Mchango ukabadilika jina. Jana ulikuwa wa ambulensi, leo ni wa mochari, jeneza na gari la kubeba mwili. Pesa zilikuwa zinaingia kwenye laini ya binamu yao, kijana mwaminifu kabisa, ila alikuwa na deni la ovadrafti kwenye laini hiyo hiyo. Shilingi 6,400 za kwanza, zilizotumwa na watu wa kanisa, zilikatwa kulipa deni lake kabla hata hajafungua ujumbe. Alizirudisha baadaye, lakini maneno yalikuwa yameshazunguka kijiji.

Siku ya tisa, wakitafuta kitambulisho cha marehemu kwenye begi lake, wakakuta kadi ya bima imefungwa ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Katikati ya karatasi hiyo kulikuwa na mstari mmoja: gharama za mazishi, shilingi 100,000. Bili ya mochari ilikuwa imekimbia siku tisa, ng'ombe mmoja alikuwa ameuzwa, na pesa ilikuwepo muda wote.

Bima ililipa, ndiyo. Ililipa wiki mbili baada ya mazishi. Ng'ombe hakurudi.

Bima huona safari nne

Sisi tukisema "kumrudisha nyumbani" huwa tunasema jambo moja. Bima huona safari nne tofauti, na kila moja ina sheria yake.

Ya kwanza ni ya dharura: kumtoa mtu alipoangukia mpaka hospitali. Hii ndiyo iliyo rahisi kupata msaada. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na SHA ina mfuko maalum wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba ya bure, 1199. Lakini kwa watu wa ziwani kuna kipande ambacho karatasi za bima huandikwa kama hakipo. Mgonjwa akiwa Mfangano, Remba au Ringiti, ambulensi inaanzia nchi kavu. Boti ya kumfikisha Mbita ni mfuko wako, isipokuwa bima yako imeandika wazi kwamba usafiri wa majini umo. Vivyo hivyo kwa wavuvi wa Muhuru Bay na visiwa vya upande wa Migori. Kama unaishi kisiwani na unanunua bima leo, uliza swali la boti kabla ya swali lingine lolote. Wakala ataduwaa kidogo, lakini muulize tu.

Ya pili ni ya kuhamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, kwa mfano kutoka hospitali ya rufaa ya kaunti pale Migori kwenda Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, au Kenyatta, Nairobi. Bima nyingi hulipa hapa, kwa sharti la barua ya rufaa: daktari aandike kwamba matibabu anayohitaji hayapatikani alipo. Bila barua hiyo, ambulensi ni teksi ghali. Nyingine hutaka pia uwapigie kabla ya gari kuondoka, ili waidhinishe. Ukikodi gari mwenyewe halafu upeleke risiti, unaweza kukataliwa hata kama safari yenyewe ilikuwa ya haki.

Hapa ndipo bima za ndege nazo huingia. Amref Flying Doctors, waliokuwepo tangu 1957, huuza uanachama wa mwaka wa kubebwa kwa ndege ukipata dharura, na kuna uwanja mdogo wa ndege pale Kabunde, Homa Bay. Wengi huinunua wakidhani itamrudisha mzee nyumbani. Ndege ya namna hiyo humtoa mgonjwa mahali ambapo hawezi kutibiwa na kumpeleka anapoweza, yaani mara nyingi kutoka kwetu kwenda Nairobi. Kurudi ni juu yako.

Ya tatu ndiyo iliyomshinda baba mdogo wa mwenzetu: mgonjwa aliye hai anayetaka kwenda nyumbani kwake. Daktari amefanya alichoweza, au pesa zimeisha, au mzee mwenyewe ameamua anataka kulala kwenye nyumba aliyojenga. Hakuna rufaa, kwa sababu haendi hospitali. Kwenye bima nyingi za matibabu tunazoletewa na wateja tuwasaidie kusoma, safari hii haimo. Na tunadhani ndiyo inayostahili kupangwa mapema kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mhusika bado anaweza kusema anataka nini.

Kuna hesabu nyingine hapa ambayo watu hawapendi kuitamka, basi tuiseme sisi. Kumrudisha mtu akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti ni nauli ya basi, au mafuta ya gari la shemeji, pamoja na mtu wa kumsindikiza. Kumrudisha akiwa ameshafariki ni gari maalum, jeneza, mochari, vibali, na umati wa watu wanaotaka kusafiri pamoja naye. Hatusemi mtu aondolewe hospitalini kwa ajili ya pesa. Tunasema muulize daktari moja kwa moja, mapema, mgonjwa akiwa na nguvu: je, anaweza kuendelea na matibabu karibu na nyumbani? Watu wengi hubaki Nairobi kwa miezi kwa sababu hakuna aliyeuliza. Akikubali, omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa, dawa za siku za kwanza, na jina la hospitali ya karibu na nyumbani itakayompokea. Ukiomba barua ya rufaa kwenda hospitali hiyo ya nyumbani, na daktari akaona inafaa, ile safari ya tatu inageuka kuwa ya pili. Hapo bima inaweza kulipa. Hili si ujanja mbaya. Ni kuuliza swali kwa lugha ambayo bima inaielewa.

Safari ya nne ni ya mwili.

SHA inalipa nini, na nini hailipi

Tunaulizwa sana hili, kwa hiyo tusimame kidogo. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Mkulima, mvuvi, mama wa soko au mtu wa bodaboda hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, kisha hulipa mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa sababu kulipa mwaka mzima kwa mara moja ni mzigo, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaokuwezesha kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kujisajili ni *147#.

Sasa, mambo mawili. SHA hulipa hospitali. Haikutumii wewe pesa mkononi. Na ni bima ya matibabu, basi usiiweke kwenye bajeti ya jeneza wala ya gari la kutoka Nairobi mpaka Karungu. Ukipata punguzo lolote kwenye bili ya hospitali, shukuru, lakini safari ipangie kwingine.

Na jambo la tatu ambalo huumiza zaidi: SHA huhesabu nyumba, yaani wewe, mwenzi wako na watoto wenu wanaokutegemea. Mama yako aliye Oyugis hayumo kwenye SHA yako hata kama wewe ndiye unamlisha. Anatakiwa awe na usajili wake na mchango wake. Tumeona watoto watatu wa mama mmoja, wote wana kazi, wote wanakatwa kila mwezi, na mama amelazwa bila kadi kwa sababu kila mmoja alidhani yumo kwa mwingine. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie umuulize.

Bima ya mazishi

Kwenye karatasi utaikuta imeandikwa last expense. Inaweza kuwa bima peke yake, au kipande kidogo ndani ya bima ya matibabu ya kazini, ya Sacco, ya kanisa au ya chama. Kile kipande kidogo ndicho watu hukisahau. Si kwamba kimefichwa. Hakuna anayesoma ukurasa wa nne.

Faida yake ni mwendo. Bima ya maisha inaweza kuchukua miezi, na urithi unaweza kuchukua miaka. Bima ya mazishi imetengenezwa ilipe kabla ya kuzika, na kampuni nyingi huahidi saa 48 baada ya kupokea karatasi zote. Neno la kuangalia hapo ni "baada ya kupokea karatasi zote". Saa hazianzi kuhesabiwa siku ya kifo. Zinaanza siku utakayotuma kitambulisho cha marehemu, taarifa ya kifo au kibali cha mazishi, na kitambulisho cha mpokeaji. Familia ya mwenzetu ilianza kuhesabiwa siku ya tisa, na fomu yao ya kwanza ikarudishwa kwa sababu jina la mzee kwenye kadi lilipishana herufi moja na lile la kitambulisho.

Kuna mambo ya kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kipindi cha kungoja ni kirefu kiasi gani? Kifo cha ajali kwa kawaida hulipwa tangu mwanzo, lakini kifo cha ugonjwa huwa na wiki au miezi ya kungoja, kwa hiyo kumwandikisha mzee akiwa tayari amelazwa hakutasaidia. Wazazi na wakwe wanaingia? Mpaka umri gani? Hapa wengi hushikwa, kwa sababu wale tunaowahofia zaidi ndio wanaofungiwa mlango kwa umri. Je, ni pesa taslimu, au ni huduma, kwamba kampuni inaleta gari lake na jeneza lake? Kama ni gari, linafika mpaka wapi? Daraja la Mbita litalifikisha Rusinga. Kwenda Mfangano lazima mwili uvuke kwa boti, na mtu lazima alipie boti.

Na je, anayeuza amesajiliwa? Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni zenye leseni. Chama cha kusaidiana kinaweza kuwa kizuri sana, na sisi tunavijua vya nyoluoro vilivyodumu kuliko kampuni nyingi. Lakini chama si bima. Kikikosa pesa siku hiyo, huna pa kwenda kushtaki.

Tufanye hesabu ya mfano tu, bei zako utauliza mwenyewe. Tuseme bima inalipa 100,000. Jeneza ni 25,000, gari ni 60,000, na mochari inatoza 1,000 kwa siku. Ukizika baada ya wiki moja umetumia 92,000, na bado kuna kitu cha kununulia sukari. Familia ikiamua kungoja ndugu wa Marekani apate ruhusa kazini, mkazika baada ya wiki tatu, umefika 106,000 na bado hujapika. Tarehe ya mazishi ni uamuzi wa familia, nasi hatuingilii. Tunachosema ni kwamba iamuliwe mbele ya mtu mwenye kalamu.

Kuhusu gari: ukiulizia bei, uliza kama ni ya kwenda na kurudi. Kutoka Nairobi kupitia Narok na Kisii mpaka Migori ni zaidi ya kilomita 350, na kutoka Mombasa unaongeza karibu 480. Gari hurudi tupu, na hiyo tupu unailipia wewe. Wenye kutoka pwani wengine hupeleka mwili kwa ndege mpaka Kisumu, kisha barabara. Linganisha kabla ya kukataa, kwa sababu kuna siku ndege huwa nafuu kuliko unavyodhani, hasa ukihesabu mochari ya njiani na chakula cha msafara.

Jina lililo kwenye fomu

Watu wazima watakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alitaka azikwe Matasia, karibu na Ngong, na ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na alizikwa tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa.

Tunaitaja kwa sababu ya mambo ya pesa. Bima ya mazishi hulipwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Bima haitauliza kama ni mke wa kwanza au wa pili, kaka mkubwa au mtoto wa Nairobi. Aliyeandikwa ndiye. Kama uliandika jina la kaka yako mwaka 2011 kabla hujaoa, basi kaka yako ndiye atakayetumiwa, na mke wako atakuwa anaomba pesa ya jeneza la mume wake. Kubadilisha jina mara nyingi ni fomu moja. Na ukishabadilisha, mwambie uliyemwandika. Mnufaika asiyejua kwamba yeye ni mnufaika ndiye huyo anayeuza ng'ombe.

Kazini

Kwa walioumia au kufia kazini kuna sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha ya kazini, maarufu kama WIBA. Mwajiri ana wajibu wa kupanga usafiri wa mfanyakazi aliyeumia kwenda hospitali, au kutoka hospitali kwenda makazi yake, na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi sheria hiyo inagusa pia gharama za mazishi. Kwa watu wa miwa kule Awendo na wa migodi ya dhahabu Nyatike hili si jambo la mbali. Shida ni kwamba mchimbaji asiye na mkataba wala mwajiri anayejulikana hana wa kumdai. NSSF nayo ina msaada mdogo wa mazishi kwa mwanachama aliyekuwa akichanga. Ni mdogo kweli, lakini ni wa mwanachama.

Ukivuka Sirare

Migori ni kaunti ya mpakani, na kuna watu wetu wengi Tarime, Musoma na Mwanza, kwa samaki, dhahabu na ndoa. Mwili ukivuka mpaka, hata kama ni mwendo wa dakika, unahesabiwa kama mwili kutoka nchi nyingine. Utahitaji cheti cha kifo cha kule, cheti cha kuonyesha mwili umetiwa dawa, na kibali cha watu wa afya wa mpakani. Bima nyingi za hapa huishia mpakani isipokuwa zimesema vingine. Kama kazi yako iko ng'ambo, uliza kampuni swali hili kwa maandishi na uhifadhi jibu. Kwa wanaoenda Ghuba, tafuta kifungu cha kurudisha mwili kwenye mkataba wa kazi kabla ya kusaini, siyo baada ya kupanda ndege.

Ndani ya nchi karatasi ni chache. Aliyefia hospitali huandikiwa taarifa ya kifo na hospitali; aliyefia nyumbani, naibu wa chifu ndiye huandika. Kisha hupatikana kibali cha mazishi. Piga picha kila karatasi siku hiyo hiyo, maana bima, mochari na dereva wa gari wote wataiomba. Akifa kwa ajali, polisi wataingia na huenda pakawa na upasuaji wa uchunguzi, basi ongeza siku kwenye hesabu yako. Akifia njiani mkimrudisha, elekeeni hospitali ya karibu badala ya kuendelea mpaka nyumbani, kwa sababu bila karatasi ya mahali alipofia mtasumbuka na bima.

Na kuhusu mwili kuzuiliwa kwa deni: mwaka 1998 Mahakama Kuu Mombasa iliamua kwamba mwili wa marehemu hauwezi kushikwa kama dhamana ya bili. Deni hubaki ni deni, hospitali inaweza kulidai, na kwa vitendo familia nyingi huishia kuandikiana makubaliano ya kulipa polepole. Lakini ingia kwenye hayo mazungumzo ukijua hilo.

Mchango ukipita kwenye simu

Hapa sasa ndipo kwetu. Bima hata ikiwa nzuri, mchango utakuwepo, na hatutaki usiwepo. Tunataka tu usilete ugomvi.

Usipokee mchango kwenye laini yenye mkopo. Ovadrafti kama Fuliza hujilipa yenyewe pesa ikiingia, na haiwezi kujua kwamba hii ni ya jeneza. Kama huna laini safi, tafuta mwenzako aliye nayo, au fungueni namba ya paybill ya mchango au akaunti ya kikundi ambapo mtu mmoja hawezi kutoa pesa bila wengine kuidhinisha. Familia ikitarajia zaidi ya 500,000 hamna budi kufanya hivyo, kwa sababu laini ikijaa, pesa za mtu zitakataa kuingia, naye atadhani umemzuia.

Lipeni mochari na mwenye gari moja kwa moja kutoka kwenye akaunti hiyo, kwa till au paybill yao, badala ya kutoa pesa taslimu. Mnapata ujumbe wenye jina na saa, na mweka hazina analala usingizi. Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Matapeli huchukua bango la msiba kutoka kundi la WhatsApp, hubadilisha namba tu, wakalirusha kundi lingine. Picha ya marehemu ni ileile, tarehe ni ileile. Kama jina linalotokea hulijui, mpigie mtu wa familia.

Halafu kuna laini ya marehemu mwenyewe. Tunajua PIN mara nyingi inajulikana nyumbani, na tunajua kishawishi cha kutoa kilichomo kulipia gari. Tafadhali msitoe. Pesa iliyomo ni sehemu ya mali yake, na kuitoa kwa PIN yake kunaweza kumweka aliyetoa mahali pabaya warithi wakianza kuulizana. Njooni na cheti cha kifo, kitambulisho cha ndugu wa karibu na barua ya chifu. Kiasi kikiwa kikubwa mtahitaji pia karatasi za mahakama za usimamizi wa mirathi. Laini yenyewe msiitupe wala msiizime wiki za mwanzo, kwa sababu ujumbe wa bima, wa Sacco na wa kazini bado unaingia huko. Mwenzetu anasema ujumbe wa kampuni ya bima kuulizia afya ya mzee uliingia kwenye simu yake siku ya nne, ikiwa imezimwa ndani ya begi, pamoja na ile kadi.